Shingo Haijasagika: Niliyowaambia Mafundi Cherehani wa Ngamiani

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa mafundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Wengi walibanwa na kazi za wateja wakashindwa kufika, nami niliahidi kuyaandika yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata hivyo umeme ulikatika tulipofika ya tatu.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti, mama zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawaona.

Kabla sijasema lolote naomba kitu kimoja. Kila ambaye shingo inamuuma, si tangu jana wala juzi, bali miezi 3 au zaidi, anyanyue mkono. Haya. Mwaona wenyewe? Na wewe mama wa dirishani umeunyanyua nusu kwa sababu ukiupandisha wote bega linalia. Shusha, mama. Nimekuhesabu.

Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, maumivu yakivuka miezi 3 tunayaita sugu. Mji wetu wajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Haya ya kwenu si waja leo waondoka leo. Haya yamekuja, yamepanga chumba, yamelipa kodi ya mwaka mzima. Na msidhani ni nyie tu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo. Chukueni Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, wazidisheni mara tatu, bado hamjawafikia.

Mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani. Mama yangu alikuwa fundi, na kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Siku za kukaribia Idi alikuwa anashona hadi adhana ya alfajiri. Akimaliza, analala kifudifudi mkekani, ananiita nimpande mgongoni nimkanyagekanyage. Nilikuwa na miaka sita. Hiyo ndiyo fiziotherapia yangu ya kwanza, na nawaambia ukweli, haikuwa mbaya sana. Alipata nafuu, akapata usingizi. Kesho yake yakarudi yaleyale. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshasoma, ndipo nilipojua kwa nini yalirudi. Hilo ndilo nililokuja kuzungumza nanyi.

Nianze na neno moja ambalo nikiweza kulifuta Tanga nzima nitalifuta. Neno lenyewe ni *kusagika*.

Alikuja kwangu mama mmoja, fundi mwenzenu, wa miaka 50 na kitu. Amevaa kola ngumu ya shingo, ameshika bahasha ya kaki kifuani kama hati ya nyumba. Nikamwambia karibu mama, kaa. Akakaa kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Nikamuuliza tatizo nini. Hakunieleza maumivu. Alinipa bahasha. Akasema, "Mwanangu, pingili zangu zimesagika."

Nikamuuliza, tangu uambiwe hivyo umeacha nini? Akaanza kunihesabia. Ameacha kubeba mjukuu. Ameacha kugeuka, akiitwa anageuka mwili mzima. Ameacha kufagia. Ameacha kushona magauni, anapokea kupunguza suruali tu. Kusujudu anasujudu kwa kiti. Anavaa kola mchana, na usiku pia. Miezi 8!

Sasa nawauliza mafundi: mtu akikwambia cherehani yako gia zimesagika, utaikanyaga kwa nguvu? Hutaikanyaga. Utaifunika kitambaa. Na huyu mama aliifunika shingo yake kitambaa.

Lakini shingo ina mishipa ya damu, ina misuli, inajikarabati usiku na mchana. Chuma hakifanyi hivyo. Kuna wataalamu wa Japani waliwapiga picha za MRI za shingo, zile za mashine ya sumaku inayoonyesha hadi nyama laini za ndani, watu 1,211, kuanzia vijana wa miaka ya 20 hadi wazee wa miaka ya 70. Sharti lilikuwa mtu asiwe na dalili za ugonjwa wa shingo. Watu wazima wa afya, wanaenda kazini, wanacheka. Matokeo yakatoka mwaka 2015. Karibu 88 katika kila 100 walikuwa na diski zilizobenuka, yale mapande laini yaliyo kati ya pingili na pingili. Hata wale vijana wa miaka ya 20, zaidi ya saba katika kumi. Na hawakuwa wanaumwa!

Mwanielewa ninachosema? Siisemi vibaya picha. Picha ina kazi yake, nitaifikia. Ila kwa wengi wetu, kinachoonekana mle ni kama mvi. Ukimpiga picha mtu wa miaka 50 utaona mvi kichwani mwake. Utasema kichwa kinamuuma kwa sababu ya mvi?

Yule mama tulianza kwa kuvua kola. Dakika 10 kwa siku, halafu 20, halafu nusu saa. Kola ina faida shingo ikiumia ghafla, kwa siku chache. Ukiivaa miezi 8, misuli inakwenda likizo, na misuli ikienda likizo hairudi na afya, inarudi imekonda. Ilituchukua kama miezi 4. Mjukuu anambeba. Shingo bado inamkumbusha siku za baridi, sitawadanganya. Lakini magauni anashona.

Jambo la pili. Naombeni lile dumu. Hili ni dumu la lita 5, limejaa maji. Kilo 5. Kichwa cha mtu mzima kina uzito kama huu, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kijana wewe uliyetaka kutoroka, njoo. Likumbatie kifuani. Zito? Si zito. Sasa nyoosha mikono, lishike mbali na wewe. Endelea kulishika. Wengine tunaendelea kuongea.

Shingo ina pingili 7. Saba tu. Twiga naye ana 7, zilezile saba, tofauti ni urefu. Juu ya hizi saba limekaa dumu. Ukiwa wima, dumu limekumbatiwa. Ukiinamia sindano, dumu liko kwenye mikono iliyonyooshwa. Mwaka 2014 daktari mmoja wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akasema kichwa kikiinama nyuzi 60, shingo inabeba mzigo wa kilo 27 hivi. Zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima, na watu wakaanza kuogopa kuinamia hata simu.

Mimi hesabu ile naichukua nusu. Ni hesabu ya kompyuta, si ya watu wenye maumivu. Na sisi hapa tuna bibi zetu waliobeba ndoo ya lita 20 kichwani, kata ya kanga chini yake, kutoka kisimani hadi nyumbani, huku wanapiga soga. Shingo ilikuwa haijui kwamba inaonewa. Kwa nini? Kwa sababu shingo zao zilizoea mzigo polepole, tangu utotoni, na mzigo wenyewe ulikuwa unatembea.

Kijana, vipi dumu? Linatetemeka. Dakika ngapi? Hata mbili hazijafika. Lishushe, ahsante, mpigieni makofi.

Hakuna aliyemuumiza. Dumu ni lilelile alilolikumbatia bila shida. Kilichomchosha ni kuganda. Kuinama si kosa, mafundi. Kosa ni kuganda. Fundi anakaa saa 3 hajageuza shingo ila kumtazama mteja anayedai nguo yake, na hapo napo anageuka kwa hasira.

Kwa hiyo meza kwanza, nitaipitia haraka. Inua cherehani. Vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, na kama inakubali, ya nyuma iwe juu kidogo kuliko ya mbele, ili kitambaa kikutazame usoni. Kiti kisiwe kile cha plastiki kilichopinda mguu. Sindano ukishaipitisha uzi, inua macho utazame barabarani. Kila bobini ikiisha, simama. Bobini ndiyo saa yako, haihitaji betri.

Ila msitegemee meza peke yake. Nimewaona wenye viti vya maofisini vya bei mbaya, na shingo zinawaua vilevile.

Sasa tiba. Watu wakisikia fiziotherapia wanafikiri mashine. Nami naungama mbele yenu. Nilipotoka chuo nilizipenda mashine kuliko wagonjwa. Alikuja mzee mmoja, seremala mstaafu, shingo miaka 2. Nikamlaza. Nikamwekea joto. Nikamwekea mashine ya umeme mdogo inayotekenya. Nikamvuta shingo kwa kamba na uzito. Mara mbili kwa wiki, wiki 6. Kila akiondoka anasema ahsante binti, najisikia mwepesi. Siku ya mwisho nikamuuliza, mzee, tangu tuanze umepata nafuu kiasi gani? Akafikiri. Akasema, "Nikitoka hapa hadi nifike nyumbani, safi kabisa. Lakini binti yangu, hayo hata mke wangu hunifanyia. Na yeye halipishi."

Nilicheka, kisha usiku sikulala.

Msinielewe vibaya. Joto ni zuri. Kukandwa kwa kitambaa cha maji moto, dakika 15, kunalegeza. Kuchuliwa ni kuzuri. Mikono ya mtaalamu anayezisogeza pingili kidogokidogo, hasa pale zilipokaza, inafungua mlango: shingo inageuka, maumivu yanapungua kwa siku chache. Lakini mlango ukishafunguliwa, nani apite? Ni wewe. Mlango ukifunguliwa na hukupita, utajifunga tena. Mama yangu alifunguliwa mlango kila Idi na miguu ya mtoto wa miaka sita.

Na hapa niwape ushahidi. Finland, mwaka 2003. Wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini, shingo sugu. Kundi moja likafanya mazoezi ya nguvu, shingo ikivutana na mpira, ule ukanda unaonyumbuka. La pili likafanya mazoezi ya ustahimilivu, kuinua kichwa mara nyingi bila mzigo. La tatu likashauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi mepesi ya mwili, basi. Wakafuatwa mwaka mzima. Kundi la mpira, nguvu ya shingo kuinama mbele iliongezeka kwa asilimia 110. Zaidi ya maradufu! Lile la kujinyoosha, asilimia 10. Na maumivu? Makundi yote mawili yaliyofanya kazi yalipata nafuu kuliko la kujinyoosha.

Najua mnachosema kimoyomoyo. Dada, hao ni wa ofisini, wana muda. Mimi nina sare za shule 40 za kumaliza. Sawa. Tuvuke bahari twende Denmark. Huko mwaka 2011 walichukua watu 198 wenye kuumwa shingo na mabega mara kwa mara. Wengine wakafanya zoezi la mpira dakika 12 kwa siku. Wengine dakika 2. Mmesikia? Mbili! Siku 5 kwa wiki, wiki 10. Wote wawili, wa 12 na wa 2, walipata nafuu kuliko waliokaa bure. Wa dakika 12 walizidi kidogo, lakini si mara sita.

Dakika 2 hata mteja wako mkorofi anaweza kusubiri.

Haya, simameni. Tusiongee tu. Kiti sogeza nyuma.

La kwanza, kukubali kidogo. Nyumbani utalifanya umelala chali bila mto, leo egemea ukuta. Kichwa kimegusa ukuta. Sasa itikia "ndiyo", lakini ndiyo ya siri, ya bi harusi. Kidevu kinashuka kama upana wa kidole, kichwa hakibanduki ukutani. Shikilia hesabu kumi. Legeza. Hiyo ni misuli ya ndani kabisa, iliyolala mbele ya pingili, na kwa mwenye shingo sugu ndiyo inayozembea. Ukiona misuli ya juu ya koo imesimama kama kamba, umezidisha. Zoezi hili limetoka Queensland, Australia, kwa Gwendolen Jull na wenzake. Mwaka 2002 walitoa matokeo ya watu 200 walioumwa kichwa kwa sababu ya shingo, na waliofanya mazoezi bado walikuwa na nafuu mwaka ulipotimia. Kwa hiyo wewe ambaye kichwa kinakuanza kisogoni na kupanda hadi jichoni, hili ni lako. Mara 10.

La pili, kukataa. Kiganja kwenye paji la uso. Mkono unasukuma, shingo inakataa. Haisogei. Hesabu hadi saba. Sasa upande wa kulia. Kushoto. Kisogoni. Anza na nusu ya nguvu zako. Baba pale unasukuma kama unagombana na mtu, punguza.

La tatu ndilo lile la Denmark. Kanyaga mpira katikati, shika ncha mbili, nyanyua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, ikiwa mbele kidogo ya mwili. Shusha polepole. Rudia hadi mabega yachoke. Hizo ndizo dakika 2 zako.

Itauma? Wiki mbili za kwanza, ndiyo, kidogo. Kama maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10 hayavuki 3 au 4, na kesho asubuhi yametulia, endelea. Yakivuka, punguza mpira, usiache. Mwauliza hadi lini? Msinihesabie chini ya wiki 6. Wengi ni hadi 12. Na mkijisikia vizuri wiki ya tatu mkaacha, tutaonana tena, nami nitawapokea bila kuwasema. Nitawasema kidogo.

Sasa vinyozi. Wenzetu wa kiume, mwajua ninakokwenda. Umenyolewa, umepakwa mafuta, umechuliwa, halafu kinyozi anakamata kidevu na kisogo, *kwaa!* Unajisikia mfalme. Kuna kijana alikuwa anafanyiwa hivyo mara mbili kwa wiki. Nikamuuliza nafuu inadumu muda gani? Akasema, "Hadi stendi." Ile sauti si mfupa uliorudi mahali pake, ni viputo vya hewa kwenye maji ya kiungo. Pembeni mwa pingili hizo kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, na kusokotwa ghafla kunaweza kuchana ukuta wake. Ni nadra. Lakini likitokea ni kiharusi, na kinaweza kumpata kijana. Kinyozi anyoe. Kuchua achue. Kusokota, mwambieni ahsante.

Na mwisho niliahidi kurudi kwenye picha. Naombeni utulivu hapa, hata wa mlangoni.

Alikuja fundi mmoja hana maumivu makali. Shingo nzito tu. Akanieleza kama mzaha kwamba siku hizi hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na macho yake ni mazima. Vifungo vinampa shida. Akitembea anajiona kama yuko ndani ya mashua. Huyo sikumpa mpira. Sikumgusa shingo. Nilimwandikia barua aende hospitali ya rufaa siku ileile akapigwe picha, kwa sababu mikono ikipoteza ufundi na miguu ikayumba, huenda uti wenyewe, ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili, unabanwa, na hapo kila wiki ina thamani. Akafanyiwa upasuaji. Anashona.

Kwa hiyo msije kwa mazoezi, nendeni kwa daktari, kama kuna ganzi au udhaifu unaozidi mikononi au miguuni. Kama haja ndogo au kubwa haizuiliki. Kama mmeanguka au mmepata ajali ya bodaboda. Kama kuna homa na shingo imekaza kiasi kwamba kidevu hakishuki kifuani, hiyo ni leo, si kesho. Kama mnakonda bila sababu, mnatoka jasho usiku, na maumivu hayapumziki hata mkilala: kifua kikuu hakikai mapafuni tu, kinaingia hadi kwenye pingili, na kinatibika kikiwahiwa. Na aliyewahi kuugua saratani asisubiri.

Vidonge? Mnavyovinunua dukani kila siku kama pipi, vile vya kukata maumivu, vinakula tumbo na figo polepole. Usiku mmoja wa kazi sitakulaumu. Miezi 6 nitakulaumu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona. Ramadhani ni wiki mbili zijazo, na mwajua wateja wa Tanga: nguo za Idi wanazileta ikibaki siku tatu. Misuli haijengwi kwa siku tatu. Ndiyo maana nimekuja leo.

Huu ndio mji wa baiskeli, na mafundi baiskeli hawakosi tyubu zilizotoboka. Nimepita kwa mmoja asubuhi, akanipa tano bure, akanishangaa. Ziko kwenye hili gunia, nimeziosha. Kila moja inatoa mipira minne, ikikatwa kwa urefu, upana wa vidole vitatu. Kwa hiyo ishirini wa kwanza wasogee mbele.

Nani ana mkasi mkali?